Injini tunaisifu, ekseli tunaisahau

Wandugu na dada wa promosheni, leo niko na neno juu ya kazi moja ambayo wengi wetu tuliipigia makofi, na mimi mwenyewe nilipiga. Ni ile pikipiki ya magurudumu matatu ambayo mwanafunzi mmoja aliitengeneza kwa TFC yake, kwa ajili ya wafanyabiashara wenye ulemavu hapa Goma. Anayepita Petite Barrière anawajua: mama ao papa amekaa kwenye kiti, anashika usukani, nyuma yake mzigo unamzidi urefu, na vijana wanasukuma. Kuwapa injini ni wazo zuri, hilo siligusi.

Kazi yenyewe iko na mazuri yake. Klachi, gia na breki vyote vinashikwa kwa mikono, na fremu imechomewa kwa usafi. Lakini nilipofungua kitabu nilikuta kurasa nane juu ya injini, kurasa tano juu ya historia ya pikipiki duniani (juu ya nini, sijui), na mistari minne juu ya ekseli ya nyuma. Mstari wa mwisho unasema kwamba ekseli "inatosha". Inatosha kubeba nini?

Tupige hesabu pamoja, ile ya mwaka wa pili tu. Ekseli yake ni chuma cha kawaida chenye kipenyo cha milimeta 20, na katikati ya gurudumu iko sentimeta 10 nje ya rulema, yaani beringi. Yeye mwenyewe ameandika kwamba nyuma itabeba kilo 400, ni kusema 200 kila upande. Kilo 200 ni karibu Newton 1,962. Zidisha kwa mita 0.1, unapata Newton-meta 196 za kupinda. Kwa kipenyo hicho, mkazo ndani ya chuma unafika karibu MPa 250. Sasa chuma cha kawaida kinaanza kupindika bila kurudi kwenye MPa 235 ao 250, fasi ileile. Na pikipiki bado imesimama! Haijakanyaga hata jiwe moja la lava, na barabara zetu mnazijua. Shimo moja linaweza kuzidisha ule mzigo mara mbili ao tatu.

Chukua sasa milimeta 30. Nguvu ya ekseli haipandi sawa na unene wake, inapanda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Njo maana ule mkazo wa 250 unashuka mpaka 74. Hata shimo likiuzidisha mara tatu, unabaki kwenye 222. Sogeza rulema, gurudumu likae sentimeta 5 tu kutoka kwake, na unapunguza nusu nyingine bila kununua chuma chochote.

Kosa la pili ni la sisi wasomi, mafundi hawalifanyi. Mwandishi amechukua nguvu ya kuzungusha ya injini ya cc 125, karibu Newton-meta 10, akaipeleka moja kwa moja kwenye ekseli. Lakini kati ya injini na ekseli kuna gia, na kuna pinyo ndogo inayovuta kubwa kwa mnyororo. Katika gia ya kwanza ile nguvu inazidishwa zaidi ya mara 20. Newton-meta 10 zimekuwa 200 na zaidi, na zinaisokota ekseli saa ileile mzigo unaipinda. Tena magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye chuma kimoja, kwa hiyo kila kona lazima gurudumu moja liburute.

Halafu kuna kuchoka. Ekseli hii inazunguka pamoja na gurudumu, kwa hiyo upande uliovutwa chini unageuka unabanwa juu, kila mzunguko. Gurudumu lenye mzingo wa mita 1.7 likitembea kilometa 20 kwa siku, chuma kinapindwa na kupinduliwa zaidi ya mara 11,000 kwa siku moja. Ufa hauanzi fasi yoyote tu. Unaanza kwenye kona kali fasi kipenyo kinabadilika, kwenye mfereji wa klaveti, ao pembeni ya ule mshono ambapo pinyo imechomewa juu ya ekseli. Hapa imechomewa.

Fundi mmoja alinijibu: "Ikivunjika tutachomea tena." Kwa mtu mwenye miguu mizima, labda. Ataruka. Huyu hawezi kuruka. Na angalia fasi ngoma ya breki ya nyuma imewekwa: kwenye ekseli ileile. Ikikatika kati ya breki na gurudumu, gurudumu linaondoka na breki haiwezi tena kulishika.

Wengine watasema basi tuweke ponti ya gari kuukuu. Ina nguvu, ndiyo, lakini ni nzito, na gia zake za ndani zinapunguza mwendo tena karibu mara nne, kwa hiyo usipobadilisha pinyo utatembea kama konokono. Mimi ningenunua ekseli nzima ya pikipiki za mizigo za Wachina, yenye difrensho na breki kila upande, na ningepanua fremu iifuate. Kuikata shafti yake ili iingie kwenye fremu nyembamba na kuiunga kwa moto, hapana: chuma kilichotiwa ugumu kinapasuka pembeni ya mshono.

Nimemwandikia mwanafunzi haya yote. Amejibu kwamba pikipiki bado haijakabidhiwa, na kwamba ataanza na rulema. Nimemuomba kwanza asugue rangi, na aangalie kama pembeni ya ule mshono hakuna mstari mwembamba.