Wimbo wa Tukutendereza na Deni Lake

Ni vigumu kumwona Mkristo wa Bukoba au wa Muleba asiyeujua wimbo wa Tukutendereza. Huimbwa kanisani, huimbwa msibani, huimbwa katika mikutano ya injili. Tena waliookoka wakikutana njiani huweza kuuanza papo hapo, na mizigo ingali vichwani. Wimbo uliokaa midomoni mwa watu namna hii wastahili kupimwa, kama mwalimu apimavyo insha ya mwanafunzi wake mwema.

Asili yake si ya huku. Maneno ya kwanza yalitungwa kwa Kiingereza na Louise M. Rouse katika karne ya 19, na baadaye pambio lake likageuzwa kwa Kiganda. Uamsho ndio ulioueneza. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ule ukawaka Gahini katika nchi ya Rwanda, kisha ukafika Buhaya karibu na wakati ule wa vita iliyoanza mwaka 1939, ambapo wamisionari Wajerumani wa Betheli waliondolewa na kundi likabaki mikononi mwa wenyeji. Wazee wetu hawakuhitaji mkalimani wa wimbo huu, maana Waprotestanti wa kwanza wa Buhaya walisoma Neno la Mungu kwa Kiganda hata kabla Betheli haijafika mwaka 1910.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe. Katika pambio la Kiingereza anayesema ni mtu mmoja, naye asimulia habari zake tangu mwanzo hata mwisho. Mfasiri wa Kiganda alifanya jambo dogo: neno la kwanza alilianza kwa tu, yaani sisi, ndipo, alipofika kwenye damu na kuoshwa na kushukuru, akarudi kwa mimi. Kama alifanya hivyo kwa ajili ya mizani ya sauti au kwa kusudi, matunda ni yale yale. Kwa Kiganda hakuna awezaye kusema ameoshwa asipokwisha kusimama kwanza pamoja na wenziwe. Kwa maoni yangu tafsiri hii yapita ile ya asili, tena yakaribia zaidi fundisho la Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 1 aya ya 7, ambapo kushirikiana na kusafishwa kwa damu vimefungwa katika sentensi moja.

Na Mhaya aisikiapo damu ikitajwa, hasikii maji ya kufulia nguo tu. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu walifanya omukago. Walitwaa punje mbili za tunda moja la kahawa, wakajichanja karibu na kitovu, kila mmoja akala punje iliyopakwa damu ya mwenziwe. Tangu siku ile hakuweza kumnyima chakula, wala kumfungia mlango usiku, wala kumdhulumu. Na aliyevunja alijua kwamba laana i juu yake. Basi damu kwa wazee wetu ilifunga, haikuosha tu. Marehemu Askofu Josiah Kibira, mwana wa Buhaya, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu tangu 1977 hata 1984, aliona vema kwamba Kanisa halieleweki huku pasipo ukoo, akaandika kitabu chake Church, Clan and the World, kilichotoka mwaka 1974.

Hapa ndipo ninapoleta shitaka langu, nalo si juu ya wimbo bali juu ya waimbaji. Tumeshika kuosha, tukaacha kufunga. Mtu asimama kutoa ushuhuda, aungama wizi au uchawi au uzinzi. Kabla hajafika mahali pa kusema atamrudishia nani nini, mmoja auanza wimbo, wote waitikia, naye aketi amekwisha kusamehewa na mkutano. Wimbo umekuwa kifuniko cha chungu. Waliookoka wa kwanza hawakuwa hivyo: watu walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni, na majirani wakashangaa.

Chukua habari ya butura. Mkulima mwenye shida, labda karo ya mtoto au mgonjwa wa kupeleka Ndolage, humwuzia mwenye fedha kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei isiyofika nusu ya haki. Msimu ukifika, mwenye fedha huja na magunia yake. Akiwa mwenye fedha huyo amevaa kanzu ya kwaya, je, jirani yake aliyepoteza mavuno atasikia nini katika sauti ile nzuri? Neno letu kukomboa halikuzaliwa kanisani. Ni neno la rehani: kilichowekwa kwa deni hutolewa kwa kulipa. Aliyekombolewa kwa thamani kubwa akishikilia kahawa ya ndugu yake kwa thamani ndogo, amewarudisha wengine utumwani alikotolewa yeye.

Najua watakaoniambia, Mwalimu, wataka kutuokoa kwa matendo. Hasha. Zakayo aliitwa kwanza jina lake akiwa angali mtini, hajalipa hata senti. Kurudisha mara nne kulifuata nyumbani kwake, na Bwana hakumkataza.

Tena wimbo wenyewe watutetea. Wengi hatujui kwamba Tukutendereza ni pambio tu. Katika Kiingereza una beti, na mmojawapo ni wa kujiweka wakfu: mwimbaji ajitoa aishi kwa Bwana na afe kwa Bwana. Huo ndio moyo wote, usiogawanywa na magunia. Wenye kutunga nyimbo kwa Kihaya na kwa Kiswahili wangefanya kazi njema kutupatia ubeti huo kwa maneno yetu, na viongozi wa mikutano wangengoja hata mwenye kushuhudia amalize kusema, ndipo waimbishe. Wala ubeti huo haukuwekwa mwanzoni. Waja baada ya mtu kwisha kusema kwamba aliacha kujitahidi mwenyewe, akaamini.