Ikoni ndani ya kasha la kioo

Ikoni ya Mama wa Mungu wa Vladimir ilichorwa Konstantinopoli katika karne ya 12. Ni ubao uliopakwa plasta nyeupe ya chaki na gundi, na juu yake rangi zilizokorogwa kwa kiini cha yai. Hewa ikijaa unyevu ubao hufura. Ikikauka husinyaa, na plasta haiwezi kuufuata. Hapo ndipo rangi huanza kubanduka.

Ibada nayo iliacha alama zake. Moshi wa mishumaa uliitia giza, misumari ya vifuniko vya dhahabu ikautoboa ubao, na kila zama zilizoona picha imefifia zilimwita mchoraji apake upya. Mwaka 1918 fundi Grigory Chirikov na wenzake walianza kuyaondoa matabaka hayo, moja baada ya jingine, hadi wakazifikia nyuso za Mama na Mwana, ambazo ndizo hasa zilizosalia kutoka mkono wa kwanza. Ninachokistahi zaidi ni mahali walipokoma. Mavazi yamechorwa na mikono ya karne mbalimbali, na wakayaacha hivyo, maana chini yake vilibaki vipande tu. Kubuni kilichopotea hawakuthubutu.

Ustadi huo wa kujizuia bado upo Moscow. Rangi ikianza kuinuka, fundi huweka juu yake karatasi nyembamba, huilowesha kwa gundi ya samaki iliyopashwa moto, halafu huikandamiza polepole mpaka ilale. Sehemu anayoishughulikia inaweza kuwa ndogo kuliko ukucha.

Mwaka 1999 ikoni ya Vladimir iliwekwa katika kanisa la Mtakatifu Nikolai huko Tolmachi, Moscow, ambalo ni sehemu ya makumbusho ya Tretyakov. Ilitiwa ndani ya kasha la kioo kigumu lenye joto na unyevu uliopimwa. Padri aliadhimisha Liturujia mbele yake, waumini waliinama na kusali, na pumzi zao hazikufika kwenye rangi. Naona hapo mafundi waliheshimu vyote viwili, mti na sala.

Ikoni ya Utatu ya Andrei Rublev haikupata utulivu huo. Mwaka 2022 ilitolewa katika makumbusho hayo hayo kwa siku chache, ikapelekwa mji wa Sergiyev Posad kwa sikukuu, na iliporudi wahifadhi waliorodhesha mabadiliko kadhaa katika hali yake. Mwaka uliofuata iliwekwa mikononi mwa Kanisa, ingawa wahifadhi walikuwa wameonya kwamba ubao ule hauvumilii safari.