Ukomo wa Sitiari ya Vyombo katika Ufafanuzi wa Ubadilishanaji wa Thamani za Vigeu

Ubadilishanaji wa thamani za vigeu viwili katika programu hufafanuliwa mara nyingi kwa sitiari ya vyombo. Katika mazingira ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro Mjini, ingekuwa hivi: debe moja lina mahindi, jingine maharage, ili vilivyomo vibadilishane nafasi, debe la tatu lahitajika. Sitiari hii hubainisha ulazima wa kigeu cha tatu, lakini hupotosha sababu yake. Debe likishamiminwa hubaki tupu, ilhali kigeu kikinakiliwa hubaki na thamani yake. Ikiwa a ni 3 na b ni 7, amri “a = b” huviacha vyote viwili na 7; ile 3 imefutika, na amri “b = a” hairejeshi kitu. Ubao wa bei ungefaa zaidi, kwani bei ya zamani isiponakiliwa kwingine kabla ya kufutwa hupotea. Aidha, kiambishi -an- katika “badilishana” hudokeza utendano wa wakati mmoja, ilhali amri hizo hutekelezwa kwa zamu. Lugha ya Python huukaribia utendano huo katika “a, b = b, a”, ambapo upande wa kulia husomwa wote kwanza. Kwa hiyo, tatizo si uhaba wa istilahi za Kiswahili, bali ni uteuzi wa taswira.