Saa Iliyoundwa Mara Mbili

Miaka hamsini ni umri wa kujikagua. Watoto wamekua, wazee wengi wametangulia, mwili umeanza kudai haki yake, na kazi ambayo mtu aliiingia kwa bahati tu ndiyo inayomtambulisha mtaani. Wapo wanaoupokea umri huo kwa karamu, wapo wanaokwenda Hija au kuzuru makaburi ya wazazi wao, na wapo wanaojinunulia saa ya mkono ya thamani kubwa. Hawa wa mwisho husemwa sana. Huambiwa wanajionyesha, na kwamba simu iliyo mfukoni inajua wakati kuliko saa yoyote ya dhahabu. Nataka kuwatetea, lakini kwa sharti moja: wainunue saa hiyo kwa kuithamini mikono iliyoiunda. Asiyejali mikono hiyo, simu yake inamtosha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Glashütte, mji mdogo wa Saxony, mashariki mwa Ujerumani, katika bonde la mto Müglitz. Milima ya huko ilichimbwa fedha zamani. Fedha ilipokwisha, umaskini ukabaki. Tarehe 7 Desemba 1845, Ferdinand Adolph Lange, fundi saa wa Dresden aliyekuwa na umri wa miaka 30, alifungua karakana mjini humo akiwa na wanagenzi 15. Alikuwa amefundishwa na Johann Christian Friedrich Gutkaes, aliyeunda saa kubwa ya jumba la opera la Dresden, kisha akaenda Paris kuongeza ujuzi. Gutkaes alikuwa pia baba mkwe wake, kwa hiyo Lange angeweza kukaa Dresden kwa raha akiwauzia saa wakubwa wa mji. Badala yake aliiomba serikali ya Saxony mkopo, akaenda kuwafundisha kazi vijana wa mji uliofilisika. Kila mwanagenzi alishikishwa sehemu moja ya saa mpaka akaimudu barabara. Waliohitimu wakaanza kusimama wenyewe, na taratibu mji wa wachimba madini ukawa mji wa mafundi saa. Lange akawa meya wake kwa miaka 18.

Ufundi wa mji huo una jambo moja ambalo kila anayefikisha miaka hamsini angefaa kulijua. Katika saa nyingi za zamani, kila gurudumu lilishikiliwa na kidaraja chake. Kufikia mwaka 1864 Lange alikuwa amekamilisha mtindo wake wa kuyafunika karibu magurudumu yote kwa bamba moja linaloenea robo tatu ya mtambo. Bamba hilo huyashika magurudumu imara sana, lakini humpa fundi kazi ngumu. Mhimili wa kila gurudumu una ncha nyembamba, na ncha zote hizo sharti ziingie kwa pamoja katika vitundu vyake vya yakuti. Tena kila mhimili unahitaji nafasi ndogo mno ya kucheza. Ukibanwa, saa inasimama. Ukilegea, saa inapotea. Nafasi hiyo haipimiki sawasawa mpaka bamba liwe limefungwa. Basi fundi hufunga, akapima, akafungua, akarekebisha, akafunga tena. Na bamba lenyewe ni la mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usiopakwa kitu juu. Hukwaruzika upesi, na kidole kitupu kikiligusa huacha alama.

Ndiyo maana kampuni iliyotokana na karakana ya Lange na iitwayo A. Lange & Söhne huunda kila saa mara mbili. Mara ya kwanza fundi huunganisha sehemu zote, akarekebisha kila nafasi, akaiwasha saa na kuisikiliza mpaka itembee vizuri. Saa hiyo imekamilika. Inaonyesha wakati, na mahali pengi ingekwisha tiwa kwenye sanduku ikauzwa. Hapo ndipo fundi anapoifungua yote, skrubu kwa skrubu, mpaka meza inajaa vipande. Vipande vinasafishwa na kupewa mng'aro wa mwisho. Kisha saa inaunganishwa upya, na safari hii kila kitu kinarudi mahali pake kikijulikana.

Kazi inayofanywa katikati ya kuunda kwa kwanza na kwa pili ndiyo inayonivuta zaidi. Kingo za vipande vya chuma husuguliwa kwa mkono mpaka zipate mteremko unaong'aa. Skrubu za chuma hupashwa moto. Rangi yake hupita manjano, ikaja kahawia, ikaja zambarau, na joto linapokaribia nyuzi 300 za Selsiasi inageuka buluu nzito. Hapo fundi sharti aiondoe motoni mara moja, maana akichelewa kidogo buluu ile inapauka. Vipande vingine vya chuma husuguliwa juu ya bamba la bati lililopakwa unga wa almasi, mpaka uso wake uwe sawa kabisa, ukiutazama upande huu ni mweusi tititi na upande ule unametameta. Na kile kidaraja kinachoshikilia gurudumu la mizani, linaloongoza mwendo wa saa, huchongwa nakshi ya maua kwa mkono. Kila mchongaji hujulikana na wenzake kwa mkato wake, kama seremala wa milango ya Lamu anavyojulikana na jirani zake kabla hata hawajauliza nani kauchonga mlango.

Anayeivaa saa haoni sehemu kubwa ya kazi hiyo. Hata nyuso zinazojifungia chini ya bamba hung'arishwa, ingawa zitaonwa tu na fundi atakayeifungua saa baada ya miaka kadhaa ili aisafishe na kuitia mafuta mapya. Saa nzuri ya mtambo huundwa kwa kutarajia kwamba mtu mwingine ataifungua. Imefungwa kwa skrubu ili ifunguke. Aliyeiunda anampa heshima fundi asiyemjua, pengine ambaye hajazaliwa bado, kwa kumwachia kazi safi. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo katika kazi yoyote ya mikono.

Na yote hayo yanatumikia nini? Kamani iliyokunjwa inataka kukunjuka. Ikiachwa huru itamaliza nguvu zake mara moja, hivyo nguvu hiyo hupitishwa kwenye magurudumu yenye meno mpaka ifike kwenye kipande kidogo chenye umbo la nanga, ambacho huzuia na kuachia, huzuia na kuachia. Anayekiamuru ni gurudumu la mizani, linalokwenda na kurudi kwa kusukumwa na kamani nyingine nyembamba sana. Kamani hiyo ni urithi wa Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi aliyeitangaza mwaka 1675, na mpaka leo haijapata mrithi katika saa ya mtambo. Katika saa maarufu ya Lange 1, nanga hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara 6 kwa sekunde, na zaidi ya mara nusu milioni kwa siku. Hakuna betri. Yupo mtu tu, anayekumbuka kuitia ufunguo kabla ya siku tatu kwisha. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na hapa chombo kinaelea juu ya wakati wenyewe.

Mji wa Glashütte nao umeundwa mara mbili. Tarehe 8 Mei 1945, siku ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia huko Ulaya, jengo kuu la kiwanda cha Lange lilipigwa mabomu. Baada ya hapo Wasovieti walichukua mitambo ya mji kama fidia ya vita, na mwaka 1948 kampuni ikataifishwa. Walter Lange, kitukuu wa mwanzilishi, alikuwa bado kijana. Alikabiliwa na kupelekwa kwenye machimbo ya urani, akatorokea magharibi mwa Ujerumani. Jina la familia yake likatoweka kwenye nyuso za saa kwa miaka mingi, ingawa kiwanda cha serikali kiliendelea kuunda saa mjini humo na ujuzi haukufa. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, Walter alirudi. Tarehe 7 Desemba 1990, miaka 145 kamili tangu siku ya babu yake mkuu, aliisajili upya kampuni akishirikiana na Günter Blümlein, mwendeshaji mzoefu wa kampuni za saa. Walter alikuwa na umri wa miaka 66. Katika umri huo wengi huwa wamekwisha staafu, wanahesabu wajukuu. Tarehe 24 Oktoba 1994 walionyesha saa zao nne za kwanza huko Dresden, na leo kila saa yao huundwa mara mbili.

Hayo ndiyo ninayoyaona ninapomwona mtu wa miaka hamsini akijifungia saa ya namna hiyo mkononi. Hamsini ya kwanza ni kuunganisha ili kitu kitembee. Tulishika ajira iliyopatikana, tukaoa na kuolewa, tukajenga chumba baada ya chumba kadiri fedha ilivyoruhusu, tukalea huku tukijifunza kulea. Saa ikatembea, alhamdulillahi. Sasa sehemu zote zinajulikana: ipi inabana, ipi imelegea, ipi ina mkwaruzo uliotokana na haraka ya ujana. Mwenye kuridhika ataiacha hivyo, maana inaonyesha wakati. Mwenye ari ya fundi ataifungua. Ataupa urafiki fulani nafasi ya kucheza aliyounyima, atasafisha neno alilomwambia ndugu yake, na atairudia kazi aliyoizoea mpaka akaacha kuitazama. Walter Lange alianza upya akiwa mkubwa wa miaka 16 kuliko huyu wa hamsini, kwa hiyo anayesema amechelewa hana hoja.

Najua litakaloulizwa, nalo ni swali la haki. Saa za A. Lange & Söhne huuzwa kwa makumi ya maelfu ya yuro, fedha zinazojenga nyumba kwetu na kumsomesha mtoto mpaka chuo kikuu. Ada ya mtoto hutangulia saa, na kwa hilo sina mjadala. Lakini ufundi haukai katika kilele chake peke yake. Mjini humohumo Glashütte kuna Nomos, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo saa zake za kutia ufunguo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Zipo pia saa za mtambo za Kijapani ambazo mshahara wa kawaida unaweza kuzifikia kwa subira, na saa kuukuu ambazo fundi mzuri atazihuisha. Mimi mwenyewe ninaikaribia hamsini na nimeamua kununua saa ya kutia ufunguo, ya bei ninayoimudu bila kukopa, ambayo fundi saa wa mjini kwetu anaweza kuifungua. Fundi huyo anayekaa kwenye meza yake ndogo, kioo jichoni na kibanio mkononi, ni wa ukoo mmoja wa kazi na wale wa Glashütte, na saa isiyoweza kuwekwa mbele yake imepungukiwa na kitu, hata ikiwa ya dhahabu.

Kwa hiyo anayekwenda dukani mwaka huu aulize maswali machache kabla ya kutoa fedha. Nani aliunda mtambo huu, na wapi? Je, waweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa? Nani ataufungua miaka kumi ijayo? Muuzaji akijibu kwa ufasaha kuhusu chapa na akababaika kuhusu mtambo, aende duka jingine. Na kama atataka kuchongesha maandishi nyuma ya saa, namshauri aache jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, ambazo anazijua tayari. Achongeshe jina la mtu aliyemfundisha kazi, kwa sababu hapana saa wala maisha ya miaka hamsini yaliyoundwa na mtu mmoja.