Nani Amfuate Nani? Urekebishaji wa Usemi katika Kiswahili cha Katanga

1. Utangulizi

Tabia ya msemaji kubadili msamiati na matamshi yake ili aeleweke imeelezwa mara nyingi, katika isimujamii, kwa nadharia iliyoasisiwa na Howard Giles mnamo 1973. Kwa muhtasari, nadharia hiyo yasema kwamba mzungumzaji ama humkaribia msikilizaji kwa kuufuata usemi wake, ama hujitenga naye kwa kutilia mkazo tofauti zao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi kwa Kiswahili cha Katanga yasipoandamana na swali jingine: kati ya hao wawili, ni nani anayelazimika kumfuata mwenzake? Tutatazama kwanza usemi wa Kamina, kisha vitabu viwili vya Johannes Fabian.

2. Usemi wa Kamina

Kamina ni njia panda ya reli. Hapa njia itokayo Lubumbashi kwenda Ilebo inakutana na ile ya Kabalo, iliyofunguliwa mwaka 1956. Msafiri kutoka Kasai, mfanyabiashara wa Lubumbashi na askari aliyezoea Lingala hukutana na wenyeji, ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kiluba. Athari ya Kiluba yasikika wazi: /r/ huwa /l/, hivyo kurudia husikika kuludia, /s/ mbele ya /i/ huwa /sh/, hivyo kusikia huwa kushikia. Kadhalika tunasikia mutu, mayi, bintu, batoto na katoto.

Walimu wengi huyaita hayo makosa. Lakini msemaji yuleyule asemaye batoto banakuya nyumbani, aweza kusema watoto wanakuja akizungumza na mgeni kutoka Dar es Salaam, na kuchanganya Kifaransa akiwa na karani. Asiyejua hawezi kupanga kutojua kwake kulingana na mtu aliye mbele yake. Hata yule anayepita kiasi, akageuza kulala kuwa kurara, anatuonyesha kwamba anajua kuna tofauti na anajitahidi kuifikia. Huo ni umahiri, si upungufu.

3. Vitabu viwili

Katika Language and Colonial Power (1986), Fabian anachunguza jinsi Kiswahili kilivyotumiwa katika Kongo ya Wabelgiji kati ya 1880 na 1938. Vitabu vidogo vya mazungumzo anavyovichambua viliandikwa kwa ajili ya Wazungu, na vingi vimejaa amri: leta, fanya, ondoa. Bwana alihitaji maneno ya kuagiza tu. Kazi ya kukisia maana iliyofichika ndani ya sarufi iliyovunjika iliachiwa mfanyakazi. Uchambuzi huo ni wa thamani kubwa. Hata hivyo, kwa kuwa ushahidi wake mwingi watoka mikononi mwa watawala, ustadi wa mfanyakazi katika kukisia huko hauonekani ila kama kivuli.

Upungufu huo unafidiwa na kitabu cha pili. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Fabian aliichapisha mwaka 1990. Maneno hayakutenganishwa kwa utaratibu, na alama za uandishi ni chache. Aliyezoea sarufi ya shule ataona vurugu. Lakini Kalundi Mango alipoyasoma maandishi hayo kwa sauti, maana ilijitokeza, na usomaji wake ukaandikwa sambamba na matini asilia. Hapa uhusiano umegeuka: aliyekuwa mtumishi hamfuati msomaji, msomaji, awe hata profesa, ndiye anayepaswa kutoa sikio na kinywa chake.

Fabian alifanya vyema kuyaweka maandiko yote mawili mbele yetu. Tungependa tu isisitizwe kwamba sauti ya Mango ni moja kati ya nyingi. Msomaji wa Kamina angeitamka matini hiyohiyo kwa namna yake, naye asingekuwa na haki pungufu.

4. Hitimisho

Suala hili si la nadharia peke yake. Mama atokaye kijijini, afikapo kwenye kituo cha afya, hujitahidi kutafuta maneno ambayo muuguzi atayakubali. Muuguzi akibaki katika lugha ya chuo, mzigo wote wa kuelewana unambebesha mgonjwa, naye aweza kuondoka na dawa asiyojua kiasi chake. Katiba ya 2006 yakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hadhi hiyo itamfaa kidogo mama huyo ikiwa ni yeye tu anayetakiwa kujirekebisha.

Kwa hiyo hatupendekezi kuachwa kwa Kiswahili sanifu. Mwanafunzi anakihitaji ili asome na aandike. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mwalimu atofautishe kati ya asiyejua umbo sanifu na anayelijua lakini amechagua jingine kwa sababu ya msikilizaji wake. Pili, wanafunzi wa uuguzi, ualimu na sheria wafundishwe kuusikia usemi wa wenyeji kwa makini kama wanavyofundishwa kuusahihisha.