Kamba ya Walega na Hotuba kwa Wanafunzi

Mwaka 1985 Padri Georges Defour, wa shirika la Mapadri Weupe, alichapisha mjini Bukavu kitabu kiitwacho La corde de la sagesse lega. Walega, wenyeji wa Pangi, walikuwa na desturi ya kutundika vitu vidogo katika kamba: unyoya, mfupa, gamba. Kila kitu kilikuwa na mithali yake, na Padri alizikusanya zote mbili, vitu na mithali.

Tunaisifu kazi hii. Pasipo kazi kama hiyo, mithali nyingi zingezikwa pamoja na wazee. Walakini tunauliza: mtu akitaka kusema na wanafunzi wa sekondari wa Pangi kwa msaada wa maandiko ya namna hii, afanye namna gani?

Wengi wanafungua kitabu, ao kazi waliyoiandika kwa mtihani, wakaisoma ukurasa kwa ukurasa. Kwa mithali ya kwanza wanafunzi wanacheka. Kwa ya kumi wanatazama dirishani. Kosa si la kitabu. Msomaji aweza kusimama na kurudi nyuma, msikilizaji hawezi. Sherti kitabu kitunze mengi. Hotuba ikitaka kubeba yote, msikilizaji harudi nyumbani na kitu.

Kamba yenyewe yatufundisha. Ilibeba vitu vingi, lakini mzee alishika kimoja, kile kilichofaa shauri lililo mbele yake.

Tutwae mfano. Vijana wengi wa Pangi wanaacha shule kwenda kuchimba mawe ya bati na dhahabu. Anayetaka kuwashauri wabaki darasani aweza kuandika kurasa 20: juu ya Symétain iliyoundwa mwaka 1932, juu ya machimbo ya Kalima, juu ya bei ya bati iliyoanguka duniani mwaka 1985, na juu ya SOMINKI iliyodhoofika baadaye. Yote ni kweli, na mahali pake ni katika maandiko. Katika hotuba achague neno moja: bei ya jiwe inapangwa mbali, na siku ikianguka mchimbaji hana la kusema. Kisha aweke jiwe lenyewe mezani, wanafunzi walishike mkononi.

Lakini kufupisha si kudanganya. Wanafunzi hao wana kaka zao walionunua pikipiki kwa mali ya shimo. Msemaji akisema kwamba shimo halitoi kitu, watajua ni uwongo, na hata maneno yake ya kweli watayakataa. Sherti ataje faida kwanza, kisha hasara.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha nne cha De doctrina christiana, akimfuata Cicero, alitaka msemaji afundishe, apendeze, tena auvute moyo. Kitabu cha Padri Defour chafundisha vizuri. Kuvuta moyo wa kijana fulani kwa shauri fulani hakukuwa kazi yake. Ni kazi ya yule anayesimama mbele ya darasa.

Basi, ndugu makatekista na wanaseminari, kabla ya kusema mjiulize: tunataka mwanafunzi huyu afanye nini kesho asubuhi? Asiyeweza kujibu kwa sentensi moja, arudi kwanza kwenye maandiko yake.