Viwanja Viwili, Umati Mmoja: Manju wa Usukuma na Somo la Biashara ya Sanaa

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma, kwa utaratibu wake wa kale, hayana meza ya majaji. Vikundi viwili hupewa viwanja jirani, vinaanza kupiga kwa wakati mmoja, na watu wanaachwa wachague. Hakuna kiti wala kamba. Aliyechoshwa na uwanja huu anavuka hatua chache anaingia kwenye ule. Jioni ikifika, penye watu wengi ndipo penye ushindi, na aliyeshindwa hana pa kukatia rufaa, maana macho yake mwenyewe yamehesabu migongo iliyomwondokea.

Masimulizi ya Usukuma yanawataja mafundi wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walioshindania sifa ya nani mwenye ngoma na dawa kali zaidi. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wa Gumha ndio Bagalu, na mpaka leo kikundi cha ngoma kikiulizwa kiko upande gani kinajua cha kujibu. Uzuri wa ngoma yenyewe nitawaachia wengine. Mimi nataka kuonyesha kwamba ule mpangilio wa viwanja viwili ulikuwa darasa la biashara ya sanaa, lenye mwalimu ambaye siku hiyohiyo naye alikuwa kazini, anatafuta umati wake.

Mwalimu huyo ni manju: mtunzi, mwimbishaji, kiongozi wa kikundi, na mara nyingi mkulima kama wenzake. Kijana hakuandikishwa popote. Alimfuata manju, akaitikia nyimbo zake, akashika ngoma zake, akajifunza akiwa safarini. Dawa za mvuto nazo hakupewa hivihivi, alizilipia. Msomaji wa mjini akisikia habari ya dawa hucheka, na hapo anafanya haraka. Aitazame kwa jicho la mfanyabiashara: ni siri ya kazi, ina bei, inajulikana nani aliipata kwa nani, na aliyeinunua hawezi kesho kumpa mshindani wake bure. Kijana aliyeilipia alikuwa ameshaelewa jambo ambalo wasanii wetu wengi hulielewa mvi zikiwa zimeanza, kwamba ujuzi ni mali na mali haigawiwi njiani.

Somo la pili lilikuwa kushika umati, na humo ndimo vituko vilimozaliwa: Bagoyangi, wachezaji wa nyoka, na chatu wao, sanamu za mbao zilizotokezwa ghafla katikati ya uwanja, moto, mavazi ya kuchekesha. Mtalii huona mapambo ya utamaduni. Kwa manju hiyo ilikuwa akiba, na akiba hutumiwa kwa hesabu. Ukimtoa chatu saa nane mchana, watu bado wanafika, na ikifika saa kumi wameshamzoea, jirani yako ndiye mwenye jipya. Ukimchelewesha sana, hakuna aliyebaki wa kumwona. Kijana aliyesimama kando ya manju alijifunza kuuona mgongo unaoanza kugeuka, akajua wimbo upi unarudisha watu na upi unawapumzisha wachezaji bila kuwapoteza watazamaji. Sijaona kitini cha semina kinachofundisha hilo, na sidhani kinaweza.

Umati hata hivyo haujazi ghala. Fedha ilitoka shambani. Bugobogobo, ambayo wengi leo wanaijua kama ngoma ya majembe ya jukwaani, ilikuwa huduma inayouzwa. Mwenye shamba alikiita kikundi kije kumlimia. Ngoma zilipigwa pembeni, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, mengine yakirushwa juu na kudakwa, na eneo ambalo familia ingelihangaikia siku nyingi likageuzwa mapema. Malipo yalikuwa fedha, chakula au mnyama wa kuchinja, na yalipatanwa kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Kupanga nguvu kazi ya vijana hakukuwa jambo geni Usukumani. Tangu zamani kijiji kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, aliyesimamia nani akalime kwa nani.

Pamba ndiyo iliyoipa biashara hii misuli. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka kusini mwa Ziwa Victoria, na mwaka 1955 wakulima, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakaunganisha vyama vyao kuwa VFCU, shirikisho ambalo kufikia uhuru lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika barani. Mkulima mwenye fedha ya pamba alitaka shamba kubwa zaidi, na shamba kubwa lilitaka mikono mingi kwa mpigo mvua zinapoanza. Kikundi chenye jina kikapata soko. Tazama kalenda yake ilivyofungamana. Msimu wa mvua unaingiza fedha. Kiangazi, baada ya mavuno, fedha hiyo inagharimia mashindano. Mashindano yanajenga jina, na jina linaleta mwaliko wa kulima msimu ujao kwa bei nzuri zaidi. Shoo ilikuwa tangazo, shamba lilikuwa mapato.

Msanii wa leo anayeachia wimbo bure mtandaoni ili aitwe kwenye harusi za Sengerema anapiga hesabu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba babu yake alijua wazi kipi kati ya viwili hivyo ni tangazo na kipi ni mapato, naye mjukuu mara nyingi anavichanganya: anakopa ili arekodi video, halafu anakubali shoo kwa nauli tu.

Kisha ikaja Bujora. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliweka makazi kwenye kilima hicho karibu na Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, akaingiza ngoma na alama za utemi ndani ya kanisa, na hatimaye ikasimama makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu ya Ekaristi ya mwezi Juni ikafungamanishwa na mashindano ya Bagika na Bagalu, na hiyo ndiyo Bulabo inayojaza watu mpaka leo. Kwa upande wa sanaa, Bujora iliokoa vingi. Kwa upande wa biashara ilileta mteja wa aina nyingine kabisa, yaani mgeni aliyekwisha kulipa.

Mgeni huyo havuki kwenda uwanja wa pili, kwa sababu siku zisizo za Bulabo uwanja wa pili haupo. Atakaa dakika arobaini, atapiga makofi hata kwa kilichomchosha, atapanda gari. Anayemtumikia anajifunza mambo mazuri: kuanza saa iliyosemwa, kumaliza saa iliyosemwa, kuwa na bei moja ya kutaja bila kigugumizi. Lakini ule mgongo unaogeuka hauoni tena. Kikundi kinachoishi kwa wageni tu huanza kurudia vituko vilevile kwa mpangilio uleule, na siku ya Bulabo ikifika kinashangaa kwa nini umati uko kwa jirani. Napendelea manju anayemtuma kijana wake sehemu zote mbili, kwa wageni na kwenye mashindano.

Mpaka hapa inaonekana kana kwamba wazee walimaliza kila kitu. Hawakumaliza. Karatasi haikuwemo.

Kwenye uwanja wa vumbi, wimbo ulilindwa na sifa. Mtu akiuiba, watu wenyewe walijua ni wa nani, na wizi ukawa dhihaka ya kutungiwa wimbo mwingine. Kinga hiyo inafanya kazi pale tu watazamaji wote wanapofahamiana. Upande wa magharibi wa ziwa, Saida Karoli wa Kagera alitamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa "Maria Salome", wimbo wenye mizizi ya Kihaya uliochezwa na watu ambao hawakujua neno lolote la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa "Salome", wakiujenga juu ya wimbo huo, na kizazi kipya kikaucheza upya. Kwa anayefundisha vijana, huu ni mfano wa kufundishia usio na mwisho. Wimbo unaweza kulala miaka kumi na tano kisha ukaamka ukiwa na bei. Siku hiyo hakuna anayeuliza nani aliimba vizuri. Kinachoulizwa ni nani mwenye karatasi ya utunzi, nani mwenye karatasi ya rekodi, na kama karatasi hizo mbili ziko kwenye droo moja au mbili.

Sheria ipo. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1984; Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, ndiyo iliyozaa COSOTA, chombo cha hakimiliki, na ndani yake mna sehemu inayohusu sanaa za jadi, jambo ambalo kila kikundi cha ngoma kingepaswa kulijua kabla ya kumruhusu mtu wa studio achukue mdundo wa kijiji. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Ukigawanya sawasawa, kila mmoja hapati laki tatu. Wapo waliocheka. Kijana aliyefundwa vizuri anauliza swali lingine: kwa nini jina la mtunzi wetu halimo kwenye orodha? Jibu la kawaida ni kwamba hakusajili kazi yake.

Haya ya usajili semina zetu zinayafundisha, na zinayafundisha sawa: namba ya mlipakodi, cheti cha BASATA, mpango wa biashara kwenye karatasi kubwa ukutani, chai saa nne, posho jioni. Udhaifu wake ni kwamba hesabu inayopigwa ni ya kampuni ya kufikirika. Msanii aliye kazini anayo hesabu halisi mfukoni, ya Jumamosi iliyopita, na akiwa na moyo wa kuifungua mbele ya vijana, hiyo ndiyo shule.

Tuifungue moja ya mfano. Kikundi cha watu 14, manju akiwemo, kimealikwa harusini Nyegezi kwa shilingi 700,000, nusu ikiwa kianzio. Hiace kwenda na kurudi ni 120,000. Chakula cha 5,000 kwa kila kichwa ni 70,000. Ngozi na kamba za ngoma, 40,000. Akiba ya kikundi, asilimia kumi, ni 70,000. Zinabaki 400,000. Wachezaji 13 wana hisa moja kila mmoja. Manju ana tatu, moja ya kucheza, moja ya utunzi, moja ya kutafuta kazi na kubeba lawama. Hisa ni 16, kila hisa 25,000. Manju anaondoka na 75,000.

Hisa tatu za manju hazivunji kikundi zikitajwa kabla ya safari. Zikigunduliwa baadaye, kikundi hakimalizi mwezi. Pia kuna jambo ambalo halimo kwenye hesabu hiyo, nalo ndilo chanzo cha magomvi mengi kuliko malipo yenyewe: tunzo. Shangazi wa bwana harusi amembandika mchezaji mmoja noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Ni ya mchezaji, au ya kapu? Vikundi vinavyodumu vimeamua zamani, na uamuzi wowote ni bora kuliko kutokuamua. Mimi ningeitia kapuni, ila najua wachezaji hodari watanipinga, nao wana hoja.

Njia hii ya kufundisha kwa daftari lililo wazi si ya Usukuma peke yake. Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972 aliacha wanafunzi wachache waliokuwa wakichora naye Dar es Salaam. Wakaendelea pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika kilichosajiliwa. Anayejifunza pale anakaa karibu na anayeuza, na kusikia bei inavyotajwa ni sehemu ya mafunzo sawa na kushika brashi. Hata hivyo, ukubwa wa ushirika una gharama yake: mtindo unaouzika hunakiliwa kwenye meza zote, na sahihi ya mtu binafsi hupoteza uzito. Viwanja viwili vya Usukuma vilikwepa ugonjwa huo kwa kuwa kunakili kulikuadhibu palepale. Ukileta kituko cha jirani, watu walikwenda kukiona kwa mwenyewe.

Sasa simu zimefungua uwanja wa tatu, usioonekana Bujora wala Kisesa. Video ya ngoma ya Kisukuma inaweza kutazamwa Kahama, Muscat na Toronto usiku mmoja, na YouTube haimjui manju wala kikundi. Mgao wa matangazo inamlipa mwenye akaunti, kwa kawaida pale akaunti inapofikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mwenye akaunti mara nyingi ni kijana wa kamera. Hakuiba: alikuja, akapiga picha juani, akahariri usiku, akapakia kwa bando lake. Picha alizozipiga ana haki nazo, utunzi ni wa manju, uchezaji ni wa wachezaji, na hizo ni haki tatu ndani ya video moja ya dakika sita. Kusubiri fedha ianze kuingia ndipo waulizane ni kuchelewa, kwa kuwa kufikia hapo kila mmoja ameshaamini kwamba video ni yake.

Mapatano yafanyike kama ya bugobogobo, kabla ya jembe la kwanza. Mpiga picha aingizwe kwenye hisa kwa mapato ya video, hisa 16 ziwe 18 kama kazi yake inastahili mbili. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, na nywila ishikwe na watu wawili, mmoja wao asiwe manju.